Mawingu Niliyoyapunguza

Jumamosi, 1 Machi

Leo nimejiapiza: nitaandika yote. Yanayonipendeza na yanayonitia aibu, yaliyofaulu na yaliyoharibika. Mwalimu wetu wa fizikia husema jaribio lisiloandikwa ni porojo tu. Sitaki porojo. Nataka kutua.

Habari yenyewe ni hii. Chuo cha urubani kimetupa nafasi moja, kwa shule nzima. Atakayeipata atasoma huko likizo yote, na mwishoni atapanda ndege ya kweli, ya viti viwili, akae kushoto na mkufunzi kulia. Mtihani ni tarehe ishirini na mbili, ukumbini kwetu, kwenye simuleta, ile programu ya kompyuta ya kujifunzia kurusha ndege: kutua mara tatu, upepo ukipiga ubavuni. Klabu yetu ya urubani, anayoisimamia mwalimu huyohuyo, ina watu wengi, lakini kila mmoja anajua itakuwa mimi au Kiranja. Kiranja ni rafiki yangu, tunakaa dawati moja. Jina hilo alipewa darasa la kwanza na halijambanduka, ingawa siku hizi si kiranja wa kitu chochote.

Yeye hujifunzia ofisini kwa baba yake, kompyuta mpya kabisa. Mimi ninayo ya kaka. Kaka ni fundi wa simu. Amehamia mji mwingine kikazi, na kabla hajaondoka aliniundia kompyuta kwa vipuri vya huku na huku. Kasha la huyu, kadi ya picha ya yule. Iko sebuleni, chini ya meza ambayo mama hukatia vitambaa. Mama ni fundi cherehani, na sebule yetu ndiyo karakana yake.

Tatizo: picha inakwama. Unashuka vizuri, njia ya kutua unaiona, halafu — inaganda. Ikizinduka, ndege imeshafika kwingine. Leo nimeanguka shambani, barabarani, na mara moja juu ya paa la uwanja wenyewe. Bibi alikuwa kwenye kochi anasubiri chai. Akauliza kama abiria wote wamekufa. Nikamwambia sina abiria.

"Ndiyo maana," akasema. "Nani apande na wewe?"

Jumapili, 2 Machi

Nimempigia kaka. Huniita Kapteni, hata akiwa amenikasirikia.

"Kapteni, washa ile namba ya kwenye kona ya kioo. Hiyo ndiyo mapigo ya moyo ya mgonjwa wako."

Namba hiyo inasema kompyuta inachora picha ngapi kwa sekunde moja. Zikiwa thelathini, macho yanaona mwendo. Zikiwa ishirini, yanaanza kununa. Nikaruka huku namsomea. Ya kwangu ilishuka mpaka tisa.

"Tisa? Hiyo si ndege, hizo ni picha za harusi. Unafunua moja moja."

Alipomaliza kucheka akanipa sharti. Nibadilishe kitu kimoja tu kwenye mipangilio, kisha niruke safari ileile, uwanja uleule, hali ya hewa ileile, ndipo niguse kingine. Nikigusa viwili kwa pamoja sitajua kipi kimeponya. Ndivyo mwalimu anavyotufundisha pia. Basi, kuanzia kesho: kimoja kimoja. Hata kama ninaona uvivu. Hata kama nina hakika.

Jumanne, 4 Machi

Jana vivuli. Nimeviondoa vyote, namba ikapanda kidogo sana. Leo miti. Imebaki ya kuhesabika. Ikapanda kidogo tena.

Bibi hakupenda. Siku zote hukaa nyuma yangu kutazama mashamba yakipita chini. Anasema ndizo safari zake siku hizi, maana magoti hayamfikishi hata dukani.

"Umefyeka msitu mzima ili upite wewe peke yako?"

Nikamwahidi nitaipanda tena baada ya mtihani. Akasema kila mkata miti husema hivyo.

Shuleni Kiranja aliniuliza jana niliruka vipi. Nikamjibu: bila vivuli, na leo nitaruka bila miti.

"Keshokutwa bila mabawa," akasema.

Tulicheka mpaka mwalimu akageuka.

Alhamisi, 6 Machi

Mawingu nayo yameondoka. Maji hayametameti tena, yamekuwa kama bati la buluu. Magari hakuna. Majengo ya mjini ni maboksi matupu. Nimeivua dunia nguo zote.

Namba ikaanza arobaini! Nikajipigia makofi. Nikaruka, nikazunguka, nikaanza kushuka — ikaporomoka. Kumi na mbili. Nikakwama angani kama nguo kwenye kamba.

Nimerudia. Vilevile. Mwanzo mzuri, mwisho mbaya. Sasa hakuna tena cha kupunguza, nimebakiwa na anga na njia ya kutua.

Sikulia. Nilikaribia.

Ijumaa, 7 Machi

Nimewaza tangu asubuhi. Kama kosa ni la picha, kwa nini lisubiri mpaka nishuke? Kushuka kuna nini ambacho kupaa hakuna? Mashamba ni yaleyale.

Kwa hiyo leo sikuruka kabisa. Niliiweka ndege mwanzo wa njia, nikawasha injini, nikakunja mikono. Bibi akauliza kama mafuta yameisha. Nikamwambia ninafanya jaribio. Tukatazama namba wote wawili. Arobaini. Arobaini. Thelathini na tano. Ishirini na mbili. Kumi na tatu. Na ndege haijasogea hata unyayo! Hakuna kipya kilichochorwa. Kinachoharibika si dunia, ni kompyuta yenyewe, na inaharibika kadiri inavyokaa imewaka.

Nikapeleka mkono nyuma ya kasha. Moto kama pasi.

Na hapa ndipo ilipo shughuli. Kaka alipoondoka, mama aliishonea kompyuta vazi ili nyuzi na mavumbi ya vitambaa visiiingie. Kitambaa kizito cha pazia, chini ametia lastiki, kifuani marinda, na kitundu kimoja tu cha waya kupita. Wateja wanalisifia. Mmoja ameagiza kama hilo kwa ajili ya televisheni yake. Mama hulinyoosha kwa kiganja kila anapopita, kama anamnyoosha mtoto kola.

Nimwambieje? Leo nimeshindwa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwambia.

Nilingoja amalize kupinda suruali ya mteja. Nikamwomba aweke mkono nyuma ya kasha, chini ya vazi. Akaurudisha haraka.

"Inaumwa?"

"Inakosa hewa, mama."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Halafu akaniambia cherehani hufunikwa kikishalala, hilo analijua tangu utoto wake. Hajawahi kukifunika kinachofanya kazi. "Lakini cherehani kikifanya kazi unakiona. Kinatikisa meza. Hili lenu linafanya kazi limenyamaza kama mgeni aliyeletwa na mgeni mwenzake. Mimi nikajua limelala, nikalifunika."

Ndivyo ilivyokuwa. Kumbe kila jioni ninayoruka, mama akipita akiona nimeliacha vazi wazi kidogo, hulivuta lastiki na kulifunga vizuri. Kwa mapenzi.

Kaka alituongoza kwa simu. Zima. Chomoa waya. Ndipo fungua. Ndani — sijui nisemeje. Feni ilikuwa imevaa sweta. Nyuzi za kila rangi zimesokotana: buluu ya sare za shule, nyekundu ya joho za kwaya, hata zile za dhahabu za mapazia ya yule mama wa gorofani. Mama akazitambua moja moja, akizitoa kwa kibano chake cha kufumulia. "Hii ya mwaka jana. Huyu hata hakurudi kuchukua nguo yake." Mimi nikafuata kwa brashi. Akaanza kucheka, nami nikacheka, na nadhani amenisamehe, kama kulikuwa na la kusamehe.

Vazi halitupwi. Litavaliwa kompyuta ikizimwa. Na kompyuta inahama sebuleni, mbali na nyuzi. Bibi amejitolea kona ya chumba chake, kwa masharti mawili: asizimiwe redio yake, na miti irudi.

Jumatatu, 10 Machi

Chumbani kwa bibi. Nimeanza kurudisha vitu, kimoja kimoja, kama nilivyoviondoa. Miti kwanza, maana ahadi ni deni na mdai yuko kitandani ananitazama. Namba haikutikisika. Majengo. Haikutikisika. Mawingu nimeyarudisha nusu, hapo ikaanza kuyumba, nikayaacha hapo. Vivuli sivihitaji, sitatua juu ya kivuli.

Kaka akaniongezea jambo moja: niizuie namba isipande juu ya thelathini. Nikashangaa, kwa nini niifunge kamba baada ya taabu yote hii? Akasema macho hayachoshwi na uchache, yanachoshwa na kupanda na kushuka. "Heri thelathini zilizotulia kuliko hamsini za kichaa."

Nikaifunga. Nikaruka. Nilikuwa sijui ndege huteleza hivi. Kama maji yanamiminwa. Bibi aliacha kusema, akasinzia juu ya milima.

Jumatano, 12 Machi

Siwezi kutua.

Jana nilidhani ni uchovu. Leo si uchovu. Picha ni nzuri, namba imetulia, upepo uleule — na kila mara ninaiinua pua mapema. Ndege inapanda tena, inasimama hewani, inadondoka kama gunia. Nimebadilisha uzito. Nimebadilisha uwanja. Gunia tu.

Na zimebaki siku chache.

Alhamisi, 13 Machi

Nilisita kumwambia Kiranja. Tunawania kiti kimoja. Lakini uso wangu hauna mlango, akaona.

Mapumziko tukakaa nyuma ya maabara. Akanikabidhi rula mikononi iwe usukani, akasimama mbele yangu akishusha kiganja chake polepole kama ardhi inayokuja, akaniambia nivute nitakapoona wakati umefika. Nikavuta. Akasimamisha kiganja, akakitazama.

"Mbona unavuta na ardhi bado iko huku?"

"Kwa sababu nikingoja—"

Kwa sababu nikingoja, picha itaganda, na ikizinduka nitakuwa nimeshapiga chini. Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Wiki kwa wiki mikono yangu imezoea kompyuta mgonjwa, ikawa inavuta kabla, kwa kubahatisha. Kompyuta imepona. Mikono haijapata habari.

Kiranja hakunicheka. Alifikiri kidogo, kisha akaniambia nisitazame pua ya ndege hata siku moja, nitazame mwisho wa njia, kule mbali. Mikono itafuata macho. "Ukitazama pua unaogopa. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo."

Nikamuuliza kwa nini ananisaidia. Akasema, "Nikikushinda ukiwa unadondoka kama gunia, nitamsimulia nani?"

Jumamosi, 15 Machi

Kiranja ameshinda kwetu leo. Mama alimpima mabega bila hata kumwuliza, mazoea ya kazi. Bibi akamuuliza yeye ni nani ndani ya ndege. Akajibu msaidizi wa rubani. Bibi akamwambia basi amsaidie rubani, maana yeye abiria ana wasiwasi tangu juzi.

Alikaa pembeni yangu akisema "bado... bado... bado..." na mimi mikono inaniwasha. "Sasa." Nikavuta. Magurudumu yakagusa. Si vizuri, lakini yaligusa yakabaki chini.

Alijaribu na yeye. Akatua mara moja, laini, kama anaweka kikombe kwenye kisahani. Ana mikono mizuri kuliko yangu. Naandika hili kwa sababu niliapa.

Jumatano, 19 Machi

Nimetua. Nimetua tena. Upepo wa kushoto, wa kulia. Mwisho wa njia, macho mbali, bado, bado, sasa.

Nina mtihani wa historia kesho na sijasoma ukurasa. Nasoma sasa.

Jumamosi, 22 Machi

Niandike polepole.

Ukumbi ulijaa. Mkufunzi wa chuo, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya chini, alikuja na kompyuta yake ya mkononi, akaiunganisha na kile kioo kikubwa cha ukumbini ili watu wote waone. Alikuwa ameweka kila kitu juu kabisa. Mawingu mazito, vivuli mpaka vya majani, maji yanang'aa. Watu wakaguna kwa uzuri. Mwalimu wa fizikia alikuwa ananyoosha tai kila dakika.

Klabu ilikuwa imetuteua wawili tu. Wa kwanza Kiranja. Alipaa vizuri. Alipogeuka juu ya mji kuanza kushuka, nikaona. Kidogo tu — picha ikashtuka. Nyuma yangu watu waliendelea kuguna. Ikashtuka tena. Namba haikuwashwa, lakini mimi sikuihitaji. Nimeishi na kitu kile, nakijua kama kikohozi cha bibi.

Kutua kwa kwanza alidunda kidogo, akatulia. Kwa pili akadunda mara mbili. Nilimwona akikitazama kiganja chake, hivi, anakigeuza, kama kina kosa. Nilijua kabisa mikono yake inafikiri nini. Inasema: tuko sawa, kwa nini ardhi inatuwahi? Hajawahi kuruka kwenye picha inayokwama. Mimi ilinichukua siku nyingi kubadilika, na yeye alikuwa na dakika.

Ningeweza kusimama. Nilikuwa mstari wa mbele.

Kutua kwa tatu picha iliganda hasa, karibu kabisa na ardhi. Ilipozinduka alikuwa majanini, ubavuni mwa njia, bawa chini. Ukumbi ukacheka. Hawakuwa na ubaya, walicheka tu kama mtu anavyochekwa akijikwaa. Naye akacheka, akainama kama mwigizaji, akarudi kukaa. Pale kitini akakitazama tena kiganja chake.

Zamu yangu. Nikaomba ruhusa kupunguza vivuli na mawingu. Sauti yangu ilitoka nzuri, nashangaa.

Mkufunzi akasema nipunguze nitakavyo, mradi upepo nisiuguse. Nikapunguza. Nikaifunga namba kwenye thelathini. Wengine wakanong'ona kwamba nimeharibu picha. Nikaruka. Mara tatu, mwisho wa njia, macho mbali.

Makofi. Mkufunzi akamwambia mwalimu, nami nikasikia, kwamba huyu anaijua mashine yake, na hilo ni nusu ya urubani. Jina langu litapelekwa chuoni Jumatatu asubuhi, baada ya gwaride la shule.

Kiranja alikuwa wa kwanza kunikumbatia. "Hongera, Kapteni. Mikono yangu leo ilikuwa ya mbao."

Haikuwa ya mbao. Sikumwambia.

Jumapili, 23 Machi

Kaka amepiga simu mara mbili kunipongeza. Bibi ameshawaambia majirani wote, na mmoja amekuja kuuliza kama nitapita juu ya nyumba yake. Mimi sili vizuri.

Baada ya chakula cha mchana nimewaeleza mama na bibi, kila kitu, kama nilivyokiandika hapa.

Bibi akaruka kunitetea. Akauliza kwani mimi ndiye niliyeweka yale mawingu? Kwani Kiranja hana mdomo wa kuomba kama nilivyoomba mimi? Mtihani ni mtihani, kila mtu anabeba akili yake. Nikakaa nikitamani aendelee. Maneno yake ni ya kweli. Kuijua mashine ni nusu ya urubani, mkufunzi mwenyewe kasema.

Lakini Kiranja asingeomba kitu ambacho hakijui. Alidhani ni mikono yake. Bado anadhani.

Mama hakutoa hukumu. Alikuwa anatia vifungo. Aliuliza moja tu: "Ulijua kabla hajaanza ile ya tatu?"

"Nilijua tangu ile ya kwanza."

"Haya," akasema, akakata uzi.

Nimempigia Kiranja. Nimemweleza picha ilikuwa inakwama, si yeye. Nikasikia mlango wa kwao ukifungwa, nadhani alitoka nje ili asisikike. Kisha akaniuliza kama nina hakika, au ninamhurumia. Nikamwambia nina hakika kama ninavyolijua jina langu.

"Sasa unaniambia ili iweje?" akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua.

Nikasema nitampigia tena jioni. Nikakaa kitandani kwa bibi. Ninakitaka kile kiti cha kushoto. Nakitaka hata sasa, ninapoandika, mpaka vidole vinauma. Akirudia atatua kama anaweka kikombe kwenye kisahani. Nimeona kwa macho yangu. Akirudia, naweza kukikosa.

Nimeandika ujumbe kwa mwalimu wa fizikia. Wa kwanza ulikuwa mrefu, umejaa sababu; nimeufuta. Wa pili ulikuwa wa kujihurumia, nimeufuta. Wa tatu mfupi. Nimemwonyesha mama. Akausoma akiwa ameshika sindano midomoni, akanirudishia simu, akaniwekea kiganja kichwani kidogo, basi.

Bibi kazima redio.

Nimeutuma sasa hivi. Naunakili hapa neno kwa neno, maana niliapa yote:

"Shikamoo mwalimu. Jana picha ilikuwa inakwama Kiranja alipokuwa anatua, na mimi niliona tangu mwanzo nikanyamaza, kisha nikaitengeneza ilipofika zamu yangu. Kesho kabla hujapeleka jina langu, je, unaweza kumruhusu atue tena mara tatu, kwa mipangilio ileile niliyotumia mimi? Naomba unijibu leo."